Nyuma ya "Sijambo": Kupima Ubora wa Maisha ya Mgonjwa wa Saratani ya Damu

Utangulizi

Katika nyanda za kati za Tanzania salamu hutangulia kila jambo. Mgonjwa anayeingia katika chumba cha daktari mjini Dodoma husalimu kwanza, hata kama hatua kumi kutoka kwenye benchi hadi mlangoni zimemkata pumzi. Mzee wa Kigogo akisalimiwa kwa "Mbukwa" huitikia kwa utulivu, na aghalabu huulizia habari za nyumbani kwa daktari kabla ya kutaja za kwake. Daktari naye anapouliza, "Unaendeleaje?", jibu huwa tayari: "Sijambo, tunamshukuru Mungu." Jibu hilo si uongo, ni ungwana. Lakini daktari akiliandika katika faili kwa maneno "mgonjwa anaendelea vizuri", kisha akageukia karatasi ya majibu ya maabara, atakuwa amepokea salamu badala ya taarifa.

Makala haya yanahusu namna ya kuipata taarifa hiyo kwa wagonjwa wa saratani za damu. Hoja yake ni moja: ubora wa maisha ni kipimo cha kitabibu kama kilivyo kipimo cha damu. Huchukuliwa kwa utaratibu, huandikwa kwa tarakimu, hurudiwa kwa vipindi, na thamani yake hupatikana pale tu kinapofuatwa na hatua. Baada ya kuyasoma, mhudumu wa afya ataweza kuchagua dodoso linalofaa, kulitumia bila kulipotosha na kusoma alama zake. Mgonjwa na jamaa zake wataelewa kwa nini wanaulizwa maswali ambayo huenda yakaonekana hayahusiani na ugonjwa, na kwa nini kuyajibu kwa ukweli ni sehemu ya tiba.

Saratani za damu kwa ufupi

Saratani za damu hutokea chembechembe za damu au za tezi zinapozaliana bila mpangilio. Makundi makuu ni matatu. Lukemia huanzia katika uloto, yaani sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Ipo ya ghafla na ipo ya polepole. Limfoma huanzia katika tezi na mfumo wake, na mojawapo ya aina zake, limfoma ya Burkitt, ina historia katika ukanda wetu: daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowahudumia katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mieloma hushambulia chembe za uloto zinazotengeneza kinga, na mara nyingi hujitokeza kwa maumivu ya mifupa, upungufu wa damu na kudhoofika kwa figo.

Tiba zimepiga hatua. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa mieloma. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2015, ilianza kupandikiza uloto mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Selimundu si saratani, lakini ujuzi unaohitajika katika upandikizaji ni wa jamii moja. Kwa lukemia sugu ya mailoidi, kidonge cha imatinib, kilichoidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, kimeugeuza ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache kuwa hali ambayo mtu anaweza kuishi nayo kwa miongo.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Zamani tuliuliza tu, "Mgonjwa ataishi muda gani?" Sasa kwa kuwa wengi wanaishi, hatuna budi kuuliza pia, "Anaishije?" Mtu anayemeza dawa kila siku kwa miaka 20 humeza pia madhara yake kila siku kwa miaka 20.

Ubora wa maisha ni nini?

Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, lilieleza kuwa afya ni ukamilifu wa mwili, akili na ustawi wa kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Baadaye lilifafanua ubora wa maisha kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, ndani ya utamaduni na maadili anamoishi, akiilinganisha na malengo, matarajio na mahangaiko yake.

Neno la kuzingatia hapa ni "mwenyewe". Madaktari wana mizani ya zamani ya kukadiria uwezo wa mgonjwa: ile ya Karnofsky ya miaka ya 1940, inayotoka 0 hadi 100, na ile ya ECOG, inayotoka 0 hadi 5. Mizani hizo zinafaa sana katika kuamua kama mgonjwa atahimili tibakemikali, lakini anayetoa alama ni daktari, kwa jicho lake. Jicho hilo humwona mgonjwa kwa dakika chache, akiwa amevaa nguo zake nzuri za safari na amejikaza. Halimwoni usiku wa manane anapokosa usingizi, wala saa nne asubuhi anapoketi chini ya mbuyu kwa kuwa jembe limemshinda.

Kwa hiyo ubora wa maisha hupimwa kwa kumuuliza mwenye maisha. Wataalamu wanakubaliana kuwa angalau nyanja nne huhusika: mwili (dalili na nguvu), utendaji (kazi na shughuli za kila siku), nafsi (hofu, huzuni, matumaini) na jamii (familia, majirani, fedha). Katika mazingira yetu nyanja ya tano, ya imani na amani ya moyo, haipaswi kuachwa.

Madodoso yanayotumika

Yapo madodoso mengi. Manne yafuatayo yanatosha kwa kazi nyingi za kliniki.

La kwanza ni QLQ-C30 la shirika la utafiti wa saratani la Ulaya, EORTC, lililochapishwa mwaka 1993. Lina maswali 30. Maswali 28 hujibiwa kwa alama 1 (hapana kabisa) hadi 4 (sana), na mawili ya mwisho, yanayohusu afya na ubora wa maisha kwa ujumla, hujibiwa kwa alama 1 hadi 7. Maswali mengi huhusu wiki moja iliyopita. Humchukua mgonjwa dakika kumi hivi. Lina pia nyongeza za magonjwa mahususi, zikiwamo za mieloma na lukemia sugu ya mailoidi.

La pili ni FACT-G, lililochapishwa pia mwaka 1993, lenye maswali 27 kuhusu mwili, familia na jamii, hisia, na utendaji. Lina nyongeza kwa lukemia na limfoma.

La tatu ni EQ-5D, fupi kuliko yote: maswali matano kuhusu kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni, pamoja na mstari wa 0 hadi 100 ambapo mgonjwa huonyesha afya yake ya siku hiyo. Tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Halikutungwa kwa ajili ya saratani, hivyo linaweza kupitwa na dalili za pekee za ugonjwa.

La nne limezaliwa barani mwetu: dodoso la matokeo ya tiba shufaa la Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, ambacho makao yake yako Kampala. Lina maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya familia, na alama zake ni 0 hadi 5. Huuliza juu ya maumivu na wasiwasi, lakini pia kama mgonjwa ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, na kama ana amani. Uzuri wake kwa asiyejua kusoma ni kwamba alama hizo zinaweza kuonyeshwa kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vyote ni tano. Mhudumu akumbuke kuwa mwelekeo wa alama hubadilika: vidole vitano kwenye maumivu ni habari mbaya, bali vidole vitano kwenye amani ni habari njema.

Kwa watoto, dodoso la PedsQL huwa na sehemu ya mtoto mwenyewe kuanzia miaka 5 na sehemu ya mzazi. Zote mbili zitumike, kwa maana mzazi na mtoto hawaoni jambo moja. Mzazi huhofia sindano na gharama. Mtoto huenda anaumizwa zaidi na kuikosa shule, au na wenzake wanaocheka kipara chake.

Dodoso lolote hupimwa kwa sifa tatu kabla ya kuaminiwa. Uthabiti: hali ya mgonjwa isipobadilika, alama nazo zisibadilike. Uhalali: lipime kweli kile linachodai kupima. Na wepesi wa kutambua badiliko: mgonjwa akipata nafuu au akizidiwa, alama zionyeshe hivyo. Ndiyo sababu si vyema kujitungia maswali, au kunyofoa machache kutoka kwenye dodoso na kuliita kwa jina lake. Wahusika waombwe ruhusa na tafsiri iliyoidhinishwa itumike.

Mfano wa kufundishia

Ufuatao si mgonjwa halisi. Ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili.

Mama wa miaka 38, mkulima wa zabibu wa Hombolo, ana lukemia sugu ya mailoidi. Ametumia imatinib kwa miezi kumi. Bandama lililokuwa limevimba hadi kitovuni limerudi, na chembe nyeupe za damu ziko katika kiwango cha kawaida. Hemoglobini ni 9.2. Akiulizwa hali, hujibu, "Sijambo daktari." Kwa karatasi ya maabara, huyu ni mgonjwa wa kupongezwa na kuandikiwa dawa nyingine.

Safari hii muuguzi anamsomea QLQ-C30 kabla hajaingia kwa daktari. Kwenye maswali matatu ya uchovu anajibu 3, 4 na 3. Wastani ni 3.33. Tunatoa 1, tunagawanya kwa 3, tunazidisha kwa 100: alama ya uchovu ni 78. Kwenye maswali mawili ya kichefuchefu na kutapika anajibu 3 na 2. Wastani ni 2.5, alama ni 50. Kwenye maswali mawili ya uwezo wa kufanya kazi anajibu 3 na 4. Wastani ni 3.5. Hapa ukokotoaji hugeuzwa, kwa kuwa katika utendaji alama kubwa ni nzuri: tunatoa 1, tunagawanya kwa 3, tunaondoa jibu katika 1, kisha tunazidisha kwa 100. Alama ya kazi ni 17. Swali la shida ya fedha ni moja, naye amejibu 4: alama ni 100. Kwa ubora wa maisha kwa ujumla amejibu 4 na 4 katika mizani ya 1 hadi 7. Tunatoa 1, tunagawanya kwa 6: alama ni 50.

Msomaji atambue kanuni hii, kwa maana wengi huikosea: katika dalili, alama kubwa ni mateso makubwa; katika utendaji na ubora wa jumla, alama kubwa ni afya bora.

Daktari anapoziona alama hizo haulizi tena, "Unaendeleaje?" Anauliza, "Mama, naona kichefuchefu kinakusumbua. Kinakuja wakati gani?" Ndipo jibu linapatikana. Humeza kidonge alfajiri kabla ya kwenda shamba, tumbo likiwa tupu. Kichefuchefu kikianza, hawezi kufanya kazi. Siku za palizi, kwa hiyo, haimezi dawa. "Siku ngapi kwa wiki?" "Tatu, daktari. Nilidhani si neno, maana damu mliniambia ni nzuri."

Siku nne kati ya saba ni asilimia 57 ya dozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka London ulionyesha uzito wa jambo hili: kati ya wagonjwa wa imatinib waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, karibu 95 katika 100 walitarajiwa kufikia udhibiti wa kina wa ugonjwa ndani ya miaka sita. Kwa waliomeza chini ya kiwango hicho, walikuwa takriban 28 katika 100. Hesabu ya damu ya kawaida huchelewa kuonyesha hasara hii. Chembe nyeupe huweza kubaki nzuri kwa muda huku chembe zenye ugonjwa zikiongezeka polepole, na siku zikipanda, dawa huenda isizitiishe tena.

Tazama basi kilichotokea. Hakuna kipimo cha kawaida cha maabara katika ziara ile ambacho kingeyafichua mazoea ya mama huyu. Swali kuhusu kichefuchefu limeyafichua. Wapo wanaodhani kuwa kupima ubora wa maisha ni huruma inayoongezwa juu ya tiba baada ya kazi ya kweli kwisha. Mfano huu unaonyesha kuwa ni kazi ya kweli yenyewe: alama 50 ya kichefuchefu ilikuwa ishara ya kwanza kwamba tiba ya lukemia inashindwa.

Hatua zilikuwa nyepesi. Imatinib imezwe pamoja na mlo mkubwa wa siku, ambao kwake ni ugali wa jioni, kwa kikombe kikubwa cha maji. Chanzo cha upungufu wa damu kichunguzwe. Kipimo cha jeni cha kufuatilia ugonjwa kiagizwe. Baada ya miezi mitatu alikuwa amekosa dozi mbili tu. Alama ya uchovu ilishuka kutoka 78 hadi 44, kichefuchefu kutoka 50 hadi 17, na uwezo wa kazi ulipanda kutoka 17 hadi 50. Kwa kawaida badiliko la alama 5 hadi 10 huhesabiwa dogo, 10 hadi 20 la wastani, na zaidi ya 20 kubwa. Haya yalikuwa makubwa.

Alama ya fedha ilibaki 100. Dodoso halilipi nauli. Lakini sasa jambo hilo limeandikwa, na aliyeliandika anajua la kufanya: kumkutanisha na afisa ustawi wa jamii, na kumpa dawa ya muda mrefu zaidi pale hali inaporuhusu, ili safari zipungue.

Lugha, msimu na masafa

Madodoso mengi yalitungwa Ulaya na Marekani, na mahali pengine yanadhihirisha hivyo. Swali la kwanza la QLQ-C30 linahusu kubeba mzigo mzito kama mfuko wa manunuzi au sanduku la safari. Mama wa Bahi hupima nguvu zake kwa ndoo ya maji ya lita 20 kichwani. Si ruhusa kwa muuguzi kubadili swali, lakini inafaa alisome kama lilivyo, kisha akiona halikueleweka atoe mfano wa mzigo wa uzito kama huo, na atumie mfano ule ule kwa kila mgonjwa na kila ziara.

Maneno ya hisia yanahitaji uangalifu zaidi. Neno "sonona" liko katika vitabu vyetu, ila kijijini si wengi walitumialo. Watu husema "mawazo yamezidi" au "moyo mzito". Vivyo hivyo "uchovu". Katika Kiswahili kuchoka ni jambo la kawaida la aliyefanya kazi, na mgonjwa hulijibu kwa haya, asije akaonekana mvivu. Uchovu wa saratani ni mwingine: hauondoki kwa kulala, wala haulingani na kazi iliyofanywa. Tofauti hiyo ielezwe kabla ya kuuliza. Katika eneo lenye Wagogo, Warangi, Wasandawe, Wanyaturu na wengineo, wapo wazee ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao. Mkalimani awe mhudumu aliyefundishwa, asiwe mwana au mume wa mgonjwa. Mama hatasema mbele ya mwanawe kwamba anahofia kufa, na mkwe hatatafsiri swali la unyumba.

Kisha kuna msimu. Nyanda za kati zina masika moja, takriban Desemba hadi Aprili, na nguvu za mwaka mzima hutumika humo. Mkulima anayesema mwezi Agosti kuwa kazi haimshindi, huenda hana kazi ya kumshinda. Swali lile lile mwezi Januari litaleta jibu jingine. Asiyeandika msimu pembeni ya alama ataona nafuu au kuzidiwa ambako ni kwa kalenda.

Na kuna masafa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa lukemia sugu ya mailoidi kutoka mikoa ya kati walisafiri hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako imatinib ya msaada ilitolewa kupitia mpango wa kimataifa wa The Max Foundation. Ni safari ya zaidi ya kilometa 400. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imepunguza saa za njiani. Hata hivyo anayetoka Chemba au Itigi ana safari nyingine kabla ya kukifikia kituo. Mgonjwa asiulizwe maswali ya uchovu mara ashukapo. Apewe maji, akae, apumzike, ndipo aulizwe. Vinginevyo tutakuwa tunaupima uchovu wa barabara.

Utaratibu wa kliniki

Mhudumu anayetaka kuanza na afuate hatua hizi.

Kwanza, uliza kabla ya tiba kuanza. Bila alama ya mwanzo hakuna cha kulinganisha nacho.

Pili, uliza kabla mgonjwa hajapewa majibu ya maabara, kwa maana habari njema au mbaya hubadili majibu yote yanayofuata.

Tatu, anayeuliza asiwe yule anayeamua juu ya dawa. Mgonjwa huogopa kumlalamikia anayemtibu, akidhani atanyimwa.

Nne, pata ridhaa, tafuta faragha, na usimwongoze. Kusema "Maumivu hayapo tena, sivyo?" ni kumpa jibu.

Tano, tumia dodoso lile lile, kwa njia ile ile, kila baada ya kipindi kilichopangwa.

Sita, chora alama kwenye mstari katika faili, ili mwelekeo uonekane kwa jicho moja.

Saba, panga mapema nani atafanya nini. Maumivu yakipanda, nani ataandika mofini? Huzuni ikipanda, nani ataketi na mgonjwa, na lini atapelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili? Kumuuliza mtu juu ya mateso yake kisha kuliweka jibu kabatini ni kumfundisha aseme "sijambo" milele.

Faida ya utaratibu huu imethibitishwa. Katika utafiti wa New York wa wagonjwa 766 wa saratani zilizosambaa, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2017, waliokuwa wakiripoti dalili zao mara kwa mara kwa njia ya kompyuta, na wauguzi wakapata taarifa dalili zilipozidi, waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, ilhali waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida waliishi miezi 26. Saratani zile hazikuwa za damu, na mazingira si yetu. Lakini kiini cha jambo, yaani kuuliza, kusikia na kuchukua hatua mapema, hakihitaji kompyuta. Muuguzi mwenye karatasi, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye simu, anaweza kulifanya.

Tahadhari mbili. Wagonjwa wengi huzoea mateso. Akisema "nimezoea", alama zake huweza kupanda bila hali kubadilika, hivyo zisomwe pamoja na uchunguzi wa mwili. Aidha, dodoso si mahali pa dharura. Mgonjwa wa saratani ya damu mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, anayetokwa na damu isiyokata, au anayeshindwa kupumua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Ndugu msomaji uliye mgonjwa, au unayemuuguza mzazi au mtoto, maswali haya ni yako. Hakuna jibu sahihi wala jibu baya. Ukisema dawa inakutapisha, hutanyimwa dawa. Utatafutiwa namna ya kuimeza. Ukisema uliacha kumeza siku kadhaa, sema. Daktari anayejua anaweza kusaidia, asiyejua atabadili dawa isiyo na kosa. Nyumbani weka daftari. Kila jioni andika, au mwombe mtoto aandike, mambo manne: nimelala vipi, nimekula nini, nimeweza kazi gani, na kitu gani kimenisumbua zaidi leo. Njoo na daftari hilo kliniki, hata kama hujaulizwa.

Nanyi jamaa, msimjibie. Akinyamaza, mwacheni anyamaze kidogo. Mara nyingi neno lenye maana hutoka baada ya kimya hicho.

Hitimisho

Kipimo cha damu hutueleza ugonjwa unafanya nini. Ubora wa maisha hutueleza mgonjwa anafanya nini na ugonjwa huo: anaumeza, anaubeba, anauficha au anaushindwa. Mama wa mfano wetu alikuwa na damu nzuri na tiba iliyokuwa ikimponyoka, na vyote viwili vilikuwa kweli siku ile ile. Tuendelee kusalimiana, kwa maana salamu ni utu. Lakini salamu zikiisha, tuchukue dodoso, tuketi, tuulize.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa wa mieloma amejibu 2 na 4 kwenye maswali mawili ya maumivu ya QLQ-C30. Alama yake ni ngapi, nawe utachukua hatua gani leo?

2. Kwa nini alama ya ECOG haiwezi kuchukua nafasi ya dodoso la ubora wa maisha?

3. Katika kituo chako, nani angefaa kuuliza maswali, mahali gani, na kwa lugha ipi?

4. Taja mgonjwa mmoja, bila jina, ambaye kwa muda mrefu amekujibu "sijambo". Utamuuliza nini atakapokuja tena?